Tansiyo Thelathini na Nne

Jumatatu, 6 Mei 2024

Leo nimepitisha kahawa mbovu. Mimi! Miaka kumi na sita kwenye meza za kituo cha kahawa, kiongozi wa wachambuaji, mimi ninayewafundisha wengine kuona tundu la mdudu kabla mkono haujaigusa punje!

Épiphanie, tunayechambua naye meza moja, amenisogelea. Ameongea polepole ili wengine wasisikie. "Maman Bella, leo uko na usingizi? Angalia huku."

Nimegeuza kichwa. Kweli. Upande wa kushoto, chini kidogo, mbovu zimelala vilevile zilivyomwagwa. Nyeusi, zilizotobolewa, zilizopasuka. Si kwamba niliziacha. Sikuziona.

Nikacheka. Nikasema ni jua.

Nyumbani nimejifungia chumbani. Nimeziba jicho la kulia kwa kiganja – ukungu kidogo upande wa kushoto. Nimeziba la kushoto – kalenda ipo ukutani, mlango haupo. Mlango mzima! Nimegeuza kichwa, umerudi.

Papa alikufa kipofu, kule Bukavu, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina arobaini na nane.

Hapana. Ni jua.

Jumatano, 8 Mei

Sijaenda kupimwa. Kesho.

Asubuhi nimemwaga chai nje ya kikombe. Maman ameona – mama yangu mzazi, tunaishi naye hapa Giheke tangu mume wangu afariki. Mwanamke anayesema juu ya kila kitu, hata juu ya namna ninavyofunga kitenge. Ameona chai inavyotiririka mezani, akachukua kitambaa akapangusa. Hajasema neno.

Kwa nini hajasema neno?

Ijumaa, 10 Mei

Siyo jua.

Dokta anaitwa Nishimwe. Msichana, karibu umri wa binti yangu Bella, raba nyeupe miguuni. Ameniwekea tone la ganzi, halafu akagusa jicho kwa kitu chenye mwanga wa bluu. Akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu – hapo nikajua. Mtu hapimi mara tatu kitu kizuri.

Tansiyo ya macho, yaani presha ya ndani ya jicho. Jicho la kulia thelathini na nne, la kushoto ishirini na tisa. Kwa kawaida isipite ishirini na moja. Nikamwambia tansiyo yangu ilipimwa Pasaka, ilikuwa nzuri. Akasema hiyo ni ya damu, jicho lina yake. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kila wakati. Yakikosa njia ya kutokea yanasukuma, na mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole. Unaanzia pembeni. Hauumi. Ndiyo maana watu wanakuja wamechelewa. Ugonjwa unaitwa glokoma.

"Na kile kimeishapotea?" nimeuliza.

Hakirudi. Amesema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Tunalinda kilichobaki.

Kisha maswali. Una pumu? Hapana. Kuna mtu wa ukoo aliyepofuka? Papa. Una ndugu wa tumbo moja? Mmoja, mdogo wangu Védaste, ana arobaini na tatu. Lazima aje, amesema, ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Anafanya kazi gani?

Nimesema: kituo cha kahawa, kama mimi.

Siyo uongo. Lakini sikusema kwamba Védaste ndiye anayeendesha Fuso, lori la kituo. Kila wiki anavuka msitu wa Nyungwe na mzigo, zile kona zote, mpaka Kigali. Mdomo umejifunga wenyewe. Kwa nini nimefunga mdomo?

Nimepewa chupa ya matone. Asubuhi na jioni, maisha yangu yote.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya nne ya matone. Kifua kinabana. Leo nimepanda kilima kutoka kituoni nikasimama mara tatu, napiga mluzi kama birika. Maman amenikuta nimekaa chini kando ya njia, nimeshika nyasi.

Woga gani huu? Nilifikiri ni woga tu. Lakini woga haupigi mluzi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimerudi kwa Dokta Nishimwe. Amenisikiliza kifua, akaweka kile chombo chake chini, akaniangalia, akaniita kwa jina langu mwenyewe. "Maman Honorine, nilikuuliza kama uko na pumu."

Nilikuwa nayo! Nikiwa mtoto, Bukavu. Niliisahau kabisa, nikadhani niliiacha ng'ambo ya mto Ruzizi siku tulipovuka mpaka kurudi huku. Amesema matone haya yangeweza kuniua. Amesema kwa upole, ndiyo imenitisha zaidi.

Ameyakataza. Yako matone mengine ambayo hayagusi kifua, lakini hapa kwetu leo yapo, mwezi ujao hayapo, na jicho halingoji. Ndipo akaniambia juu ya leza. Mashine imeletwa hospitali hapa kwa miezi michache, na yeye ndiye amesomea kuitumia. Siyo kisu. Ni mwanga. Mahali maji yanapotokea pana kitu kama chujio, na chujio limelala. Mwanga unaliamsha lifanye kazi tena. Dakika kumi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Zamani, amesema, leza ilikuwa kitu cha mwisho, baada ya matone kushindwa. Sasa wengi wanaanza nayo. Imejaribiwa pia kwa watu wa Tanzania, weusi kama sisi, ikashinda haya matone yaliyonibana kifua.

"Na ikishindikana?"

Kwa watu wengine inashindikana, amekubali. Basi kunabaki operesheni. Kuna hata vibomba vidogo kuliko punje ya mchele vinavyowekwa ndani ya jicho kutoa maji, lakini hivyo viko mbali na hapa.

Operesheni. Neno hilo tu. Papa aliingia hospitali ya Bukavu akitembea, akatoka ameshikwa mkono. Ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto.

Amenipa tarehe: 28 Mei. Nimesema ndiyo ili nitoke mle chumbani.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Kanisani sikusikia hata mahubiri, nilikuwa napima nguzo – ya kulia naiona, ya kushoto naiona nikigeuka.

Baada ya chakula nimemwambia Maman kila kitu. Amepiga kelele, kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Jicho haliguswaka! Ya baba yako baliligusa, ukaona!"

Nikasema basi sitakwenda. Nikamwambia kweli, sitakwenda. Nilidhani atafurahi. Amechuna uzi kwenye kitenge chake. Halafu ameanza kuongea bila kuniangalia.

Papa alikuwa mwalimu, mtaa wa Kadutu, kule Bukavu. Hilo najua. Nisilojua: alianza kutoona karibu mwaka mzima kabla ya operesheni. Aliogopa kufukuzwa. Kwa hiyo madaftari ya wanafunzi yaliletwa nyumbani, na Maman ndiye aliyesahihisha. Anamsomea jibu, Papa anasema vema au kosa, Maman anaandika kwa kalamu nyekundu. Darasani, mtoto mmoja aliyempenda alikuwa anamwandikia ubaoni. Miezi minane.

"Miye ndiye nilimusaidia kuficha," amesema. "Wakati tunafika kwa munganga wa hospitali, macho ilikuwa imeisha kufa. Balimupasua juu ya maumivu tu, kichwa ilikuwa inataka kupasuka. Halafu tukaambia batu ni operesheni ilimupofusha. Ilikuwa nyepesi kusema."

Miaka yote hii nimelichukia lile jengo la hospitali. Siku ile chai ilipomwagika, Maman alijua. Alijua akapangusa meza.

Sikumkasirikia. Au nimemkasirikia, sijui. Nimemshika mkono. Ulikuwa baridi.

Jumatano, 22 Mei

Védaste amekuja kupakia. Nilikuwa mezani, nikasikia chuma kinasaga ukuta. Fuso imekwaruza nguzo ya geti, upande wa kulia. Ameshuka anacheka, akasema hii geti imekonda. Wapakiaji wakacheka naye. Mimi nimeenda kuangalia. Mkwaruzo wa leo una rangi ya nguzo. Chini yake upo mwingine. Na mwingine, wenye kutu. Yote upande wa kulia.

Nimemletea chai. Nimeiweka kulia kwake, karibu na kiwiko, nikamwambia chai yako hii. Amepapasa mbele. Amegeuka kuitafuta, mkono ukaigonga, ikaanguka.

"Uko unaweka wapi vitu, Yaya!" Yaya, dada mkubwa, ndivyo ananiita tangu ajue kusema.

Nikamwambia. Pale pale, kwa sauti ndogo: glokoma, Papa, dokta anataka akuone. Uso wake umefunga kama duka.

"Miye niko naona muzuri. Hapa niko naona mpaka Bukavu, unataka nikuhesabie manyumba?"

"Mbele unaona. Papa pia alikuwa anaona mbele."

"Yaya. Ukisema hii maneno kwa chef, batoto yangu itakula nini? Na Maman? Unajua dereva mwenye macho mugonjwa banamufanya nini?"

Ameondoka na tani saba. Nimesimama getini mpaka nisiisikie tena injini. Mvua ilikuwa inaanza upande wa msitu.

Sijamwambia chef, mkubwa wa kituo. Sijamwambia dokta. Nachukua kitambaa, napangusa meza.

Jumanne, 28 Mei

Nimekwenda. Maman amenisindikiza, yeye mwenyewe ametangulia mlangoni.

Jicho la kulia leo. Matone ya kwanza, kusubiri, matone ya ganzi. Kidevu juu ya kibao, paji la uso kwenye mkanda. Dokta ameniwekea kioo kidogo juu ya jicho, kina ute baridi, kope haziwezi kufunga. Hilo ndilo baya zaidi – kutaka kufunga jicho na kushindwa. Mikono ilitafuta kitu cha kushika, ikapata ukingo wa meza.

"Angalia mbele, usitikisike."

Tik. Mwanga wa kijani. Tik. Tik. Haikuuma. Kama mtu anakurushia mchanga laini kutoka mbali. Nilianza kuhesabu, nikapotea kwenye arobaini. Nilikuwa nangoja giza. Kila tik nasema: hii ndiyo. Hii ndiyo inanizima. Jasho limeshuka mpaka kiunoni. Nimemwomba Mungu, halafu nikamwomba Papa, sijui kwa nini Papa.

"Imeisha," amesema Dokta Nishimwe.

Imeisha! Nikaangalia mlango. Ulikuwa na ukungu, ulizunguka kidogo, lakini ulikuwa mlango.

Saa moja baadaye amepima: thelathini na mbili. Nimelia. Mbili tu! Akasema isinitishe, leza haifanyi kazi siku moja, ni wiki nne mpaka sita. Jicho la kushoto tarehe 11 Juni. Kipimo kikubwa 11 Julai. Na kile kilichokufa hakitarudi, amerudia tena, nisingoje hicho.

Akauliza: "Na ndugu yako, anakuja lini?"

Nikasema yuko safarini. Kweli yuko safarini.

Jumatano, 29 Mei

Jicho jekundu. Mwanga unauma. Sijaenda kazini. Maman amefunga pazia, kila baada ya dakika kumi anauliza: uko unaniona?

Niko nakuona, Maman.

Jumamosi, 15 Juni

Jicho la kushoto pia limefanyika, Jumanne. Safari hii nimehesabu mpaka tisini.

Sijui kama inafanya kazi. Huwezi kusikia tansiyo ikishuka, kama ulivyokuwa huisikii ikipanda. Kila asubuhi nasimama mahali pale pale chumbani, naziba jicho, natafuta mlango. Haujarudi. Najua hautarudi. Natafuta tu usije ukaondoka na ukuta.

Mezani nimemwambia Épiphanie ukweli. Sasa yeye anapitia upande wangu wa kushoto. Hajamwambia mtu. Anafanya tu, mkono wake unapita chini ya wangu. Nashukuru. Na ninaogopa – hivi ndivyo inavyoanza, watu wema wanakusaidia kuficha. Jumatatu nitamwambia chef. Juu yangu mimi, yaani.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwambia. Chef hajanifukuza. Ameniweka kwenye kufundisha wapya na kupokea cherry, matunda ya kahawa kutoka shambani, huko rangi nyekundu inaonekana hata kwa aliyelala. Ameuliza: mbona hukusema mapema?

Nilikuwa na jibu moja, lakini siyo langu. Ni la Védaste.

Jumanne, 25 Juni

Mungu wangu.

Védaste amegonga mtu.

Asubuhi, kwenye kona chini ya soko. Mtu wa baiskeli, amebeba mikungu miwili ya ndizi, kando kabisa ya barabara, kulia. Amerushwa kwenye mtaro. Yuko hai. Mfupa wa bega umevunjika, na uso umechubuka wote. Anaitwa Cubaka, mzee wa miaka sitini, mtu wa hapa hapa Giheke. Mke wake tunasali pamoja!

Nimefika pale watu wamejaa. Védaste amekaa kwenye ngazi ya Fuso, mikono kichwani, anarudia neno moja tu: "Ule muntu alitoka wapi? Hakukuwa muntu mu barabara. Yaya, naapa, hakukuwa muntu!"

Ananiangalia mimi nimthibitishie. Na sauti yake haikuwa ya uongo. Hiyo ndiyo imenitisha – hasemi uongo. Kwake yeye pale hapakuwa na mtu.

"Alikuwa, Védaste," nimemwambia. "Batu bote balimuona."

Polisi wameandika kwamba baiskeli iliyumba. Mzee Cubaka mwenyewe amesema labda aliyumba, hakumbuki. Kwa hiyo kesi hakuna. Védaste ameachiwa. Fuso imeachiwa.

Ndizi zimebaki barabarani, magari yanazikanyaga.

Tarehe 10 Mei dokta aliniuliza anafanya kazi gani. Wiki sita na zaidi.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda kwake kabla hajatoka. Mke wake, Patricie, alikuwa anapiga pasi, akaona uso wangu akatoa watoto nje, kisha yeye mwenyewe akabaki mlangoni.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yamekimbia. Nimemsimulia madaftari ya Papa. Kalamu nyekundu. Miezi minane. Hakuwa akijua, alikuwa mdogo. Amesikiliza amesimama.

Nikasema: tarehe 11 Julai nina kipimo, tutakwenda pamoja. Na mpaka siku hiyo hugusi usukani. Usipokuja, siku hiyo hiyo namwambia chef, namwambia na polisi.

"Utaniuza? Miye, ndugu yako?"

"Ndiyo."

Sikujua kwamba nitalisema. Limetoka.

Amenitukana. Sitaandika alichosema. Mwisho amesema mimi niliharibikiwa macho na sasa nataka kila mtu awe kipofu pamoja nami.

Patricie amenifuata njiani. Amenishika kiwiko. Amesema usiku mume wake akishavua viatu havioni tena, anavitafuta kwa miguu. Alidhani ni uchovu.

Ijumaa, 28 Juni

Ameomba likizo kituoni. Kwa chef amesema mgongo unauma. Dereva mwingine amekwenda Kigali.

Hanisalimii.

Jumanne, 9 Julai

Bado hanisalimii. Jana tumepishana njiani nikiwa upande wake wa kulia. Amepita. Sijui kama amenikataa au hakuniona. Nimesimama pale kama mjinga, sijui lipi nililiombea.

Keshokutwa.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika kwenye benchi la korido ya hospitali, daftari gotini.

Kulia ishirini na tatu. Kushoto ishirini. Kutoka thelathini na nne! Dokta Nishimwe amenionyesha karatasi mwenyewe, kidole chini ya namba. Kushoto ameridhika. Kulia bado juu kidogo; amepata matone ya ile aina isiyogusa kifua, moja kila jioni, na leza inaweza kurudiwa baadaye. Hajasema nimepona. Amesema tumepata muda. Ningepiga magoti pale pale kwenye sementi.

Na Védaste amekuja. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Amefika kabla yangu. Sijamuuliza chochote, hajaniambia chochote, tumekaa benchi moja kama watu wa foleni. Wamemwita. Nimemwambia dokta mlangoni, mbele yake: huyu ni dereva. Wa lori. Nilikuficha hilo. Dokta amenitazama, akaitikia kwa kichwa, akamwingiza.

Tansiyo yake wamepima. Sijaambiwa. Nimesikia tu dokta anamwita muuguzi, amweke mara moja kwenye mashine ya kupima upana wa kuona.

Nami nimeipitia asubuhi hii. Ni bakuli kubwa jeupe. Unaweka uso ndani, unatazama nukta moja katikati, taa ndogo zinawaka huku na huku. Ukiona moja, unabonyeza kitufe. Kinalia kama kalamu ya kubonyeza.

Limefungwa pazia tu, nasikia kila kitu. Wameanza na jicho la kushoto. Kitufe kimelia. Kimya kirefu, kimelia tena. Mara chache, lakini kimelia. Nimekuwa navuta pumzi kwa kila mlio.

Sasa wamemziba la kushoto. Muuguzi amesema: la kulia, tunaanza.

Naisikia mashine. Inageuka kidogo, inatulia. Inageuka, inatulia. Inageuka. Mama mmoja amekaa karibu nami na mtoto analia, natamani amnyamazishe. Inageuka, inatulia.

Kitufe hakilii.

Labda hakuelewa. Labda ameshika vibaya. Muuguzi amemwambia kwa upole na heshima: "Papa, ukiona taa, finya."

Na mdogo wangu amejibu, kwa sauti ya adabu, sauti ya mtoto wa shule:

"Ndiyo. Niko nangoja muanze."